Vijumba vya Hoteli Zetu

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Daftari hili kanipa binti yangu Shani kabla hajarudi chuoni Mwanza. Kasema, "Baba, wewe unaongeaga sana, hebu andika kidogo watu wapumzike." Haya, naandika. Mimi ni Hamduni, seremala, karakana yangu iko Kigera nyuma ya nyumba. Baba yangu alikuja Musoma kutoka Ujiji na msumeno begani. Mimi nimezaliwa hapa, na milango ya nusu ya mji huu imepita mikononi mwangu. Sisemi kwa majivuno. Au tuseme ni majivuno, daftari ni langu.

Leo amekuja kijana wa Bunda, Leonardi, katibu wa kamati ya sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi wa kukatia mkate. Anataka vitu vya ukumbusho, vya mbao, vya kushika kiganjani, wapewe wageni ishirini wa heshima waende navyo makwao. Nikamwuliza nichonge nini, mwenge? Ramani ya nchi?

"Hoteli," akasema. "Hoteli zetu za zamani, Ndugu Hamduni. Ile ya Mama Dorotea hapo Mwigobero, ya Mzee Magige kule Bunda, na kile kibanda cha uji cha Mama Nyamburi, Butiama."

Nilicheka mpaka nikashikilia meza. Nchi inatimiza miaka kumi, sisi tunachonga mahali pa kulia ugali! Kijana hakucheka. Akasema mkoloni alizuia mikutano lakini hakuzuia watu kula, kwa hiyo mikutano ikahamia mezani. Hapo nikaacha kucheka, maana nilikuwepo. Mwaka hamsini na nane kwa Mama Dorotea askari alichungulia akauliza mnafanya nini, tukamjibu tunakula. Akakaa pale nje anatulinda, na sisi ikabidi tuagize sahani ya pili, na ya tatu, ili mzungumzaji amalize. Usiku ule sikuweza kulala kwa shibe.

Nimekubali, ila kwa sharti. Sichongi kwa mbao za dukani. Kila hoteli itoe mbao zake yenyewe, zile zilizosikia maneno yale. Leonardi akaandika sharti langu kwenye karatasi kana kwamba nimemwagiza sukari. Simpendi sana.

Jumanne, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Paa la karakana linavuja palepale pa mwaka jana.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimekwenda Mwigobero. Nilipofika mitumbwi ilikuwa inashusha dagaa na harufu ya samaki wa Mama Dorotea imeshatangulia hadi njiani. Anakaanga pale tangu mwaka arobaini na tisa. Ni mwanamke mrefu, Mjita, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, na mkono wake ukigusa sato huyo sato amebahatika. Lakini kinachowaleta watu ni kamongo, yule samaki wa matopeni, mrefu kama nyoka. Mchuzi wake wa kamongo mzito, na ugali wa mtama, nimekula tangu sijaoa.

Nikamweleza. Hakuonyesha furaha wala huzuni, aliendelea kugeuza samaki. Wote tunajua kwamba Januari mabanda yote ya pwani yanabomolewa, soko jipya lijengwe. Amepewa chumba ndani ya soko, lakini banda lenyewe halitabaki hata fito moja.

"Hivyo vitu vinaenda kwa nani?" akauliza.

"Kwa wageni wakubwa, Mama."

"Kama ni wakubwa, chukua hii benchi ya ukutani. Imechoka, inanipinduliaga wateja. Watakaa kwenye magunia mpaka Januari."

Benchi lenyewe ni la mvule, refu kama mtumbwi, jeusi kwa moshi na kwa makalio ya miaka ishirini na mbili. Nilikaa juu yake kijana, nikakaa juu yake mtu mzima. Nilipolifunga kwenye mkokoteni nilijisikia nimebeba kitu cha serikali. Nikasimama nikamwambia, "Mama Dorotea, hoteli yako haitapotea. Nakuapia." Akasema nisimame pembeni, namzibia mteja.

Ijumaa, 8 Oktoba

Fatu hataki benchi liingie uani. Eti linanuka. Nimemwambia mke wa seremala hachagui mbao. Kanuna.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimerudi leo kutoka safari ya Bunda na Butiama, mgongo unauma kwa basi.

Bunda nilikwenda na Leonardi. Hoteli ya Mzee Magige iko pale mabasi yanaposimama. Wakulima wa pamba walikuwa wakila hapo walipokuwa wanapanga ushirika wao, na Magige anakumbuka kila aliyekula na kila aliyekimbia. Alinipa bawa zima la dirisha. Halafu akanifuata mpaka kwenye basi.

"Fundi, andika MAGIGE, herufi kubwa. Chini yake hoteli. Nafasi ikibaki, weka Uhuru."

Butiama tulimkuta Mama Nyamburi anakoroga uji wa ulezi. Kibanda chake ni cha nyasi, hakina benchi wala dirisha. Watu wa vijijini waliokuwa wakienda Musoma kwa miguu kwenye mikutano walikunywa hapo wamesimama, alfajiri, wakaendelea. Nilipomweleza sharti la mbao aliangalia huku na huku, akaniambia ning'oe nguzo ya katikati.

"Paa litakuangukia, Mama!"

"Liache lianguke, si unajenga ingine? Mimi nitasema nilikuwa naegemea nguzo iliyokwenda Musoma kuona Uhuru."

Nikakata mti, nikamwekea nguzo mpya papo hapo, Leonardi akiwa ameshikilia paa kwa mikono miwili na nyasi zinamwingia kwenye kola. Nilimwona akitabasamu. Kumbe ana meno.

Alhamisi, 21 Oktoba

Ramadhani imeingia. Nimefunga, na kazi yangu ya leo ni kupasua benchi la Mama Dorotea. Kila nikivuta msumeno, ubao unatoa harufu ya samaki wa kukaanga. Ni mtihani, tena si mdogo.

Jumanne, 26 Oktoba

Mafuta ya kamongo yameingia ndani kabisa ya mvule. Gundi haishiki, vanishi inateleza kama maji juu ya bata. Nimejaribu majivu, nimejaribu maji ya moto. Mwisho nimeacha gundi, naunganisha kwa vijiti vya mbao kama baba yangu alivyounganisha makabati. Inachukua muda mara tatu lakini haiachii hata ukiitupa chini. Nimeitupa, najua.

Jumapili, 31 Oktoba

Kijumba cha kwanza cha Mwigobero kimekamilika! Nakiandika hapa nikiwa nimekiweka mbele yangu. Kinakaa kiganjani. Kina paa la bati lenye mikunjo, kila mkunjo nimeuchonga kwa patasi ndogo. Kina kidirisha, kina jiko la nje na sufuria kubwa kama tembe ya kwinini. Mbele ya ukuta kuna benchi. Chini yake nimechora DOROTEA, MWIGOBERO, 1949. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki, na nimetengeneza kitanda cha Kadhi.

Nilimwita Fatu aone. Alisimama mlangoni. Akasema ni kizuri, bila kuingia. Nikamwambia shika basi. Akasema mikono yake ina unga. Haikuwa na unga.

Jumatatu, 8 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Maranda ya mbao za Mwigobero yamejaa karakana nzima, Fatu hataki kuyafagia wala kuwashia moto. Ya Bunda anawashia. Nimefagia mwenyewe, nimefunga, na nimekasirika.

Alhamisi, 11 Novemba

Leonardi kaja kuangalia kazi. Alipoona kijumba cha Bunda alikizungusha sana, kisha akasema kwamba babake alikuwa akimpeleka kwa Magige siku za kuuza pamba na kumnunulia andazi moja, wagawane. Nikampa msasa, akasugua mapaa mpaka karibu na magharibi. Suruali iliharibika. Nimeanza kumwona mtu.

Jumamosi, 20 Novemba

Idi. Pilau, kanzu mpya, hakuna kazi.

Ijumaa, 26 Novemba

Leo nina mengi, na nina hasira, hivyo Shani akija kusoma asilaumu mwandiko.

Vijumba vyote vilikuwa tayari. Nilivipanga juu ya meza mistari mitatu: Mwigobero, Bunda, Butiama. Kamati ikaja kukagua baada ya swala ya Ijumaa. Alikuwapo Leonardi, alikuwapo mwenyekiti, na alikuwapo Bi Hana anayewaongoza akina mama wa kamati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvusha ziwa, aliyekuwa akichuuza dagaa zamani. Kati ya wageni ishirini, kumi ni akina mama wa vijijini. Kila mgeni atapewa vijumba vitatu, kimoja cha kila hoteli.

Walisifu! Mwenyekiti alisema Dar es Salaam hawana kitu kama hiki. Nikawa mrefu. Bi Hana akachukua kijumba cha Butiama, akakibusu. Akachukua cha Bunda, akacheka herufi za Magige. Akachukua cha Mwigobero.

Akakileta karibu na pua. Akakiangalia tena. Akakirudisha mezani taratibu, akafuta vidole kwenye kanga yake, kimoja kimoja.

"Vipi, Bi Hana?" nikauliza.

"Kazi nzuri, fundi," akasema. Akatoka nje.

Nilimfuata nikamwambia kama kuna kasoro aitaje, mimi siogopi kuambiwa. Hakutaja. Wakaondoka. Nikaingia ndani kwa Fatu nikipiga kelele kwamba wanawake wa mji huu hawajui sanaa. Fatu alikuwa anachambua mchele. Akaniacha nimalize.

"Baba Shani, ile benchi ni ya kamongo."

"Najua ni ya kamongo. Nimeikalia miaka yote!"

"Wewe umeikalia. Mimi nimezaliwa Makoko. Mama yangu hakula kamongo, bibi yangu hakula, na mimi sijala. Mwanamke wa pwani hii hakulagi kamongo, na chombo chake hakiingiagi jikoni kwake. Sasa unataka mama wa watu aweke hicho kitu juu ya kabati, karibu na watoto, kinatoa mafuta?"

Nikakaa chini. Kwa kweli nilikuwa nalijua jambo hilo. Nani Musoma hajui? Hata Fatu hajawahi kunipikia kamongo, ndiyo sababu nakwendaga kwa Mama Dorotea. Ila nililijua kama jambo la sahani. Sikudhani limeingia mpaka kwenye mbao.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Nilikwambia linanuka," akasema. "Ukasema mke wa seremala hachagui mbao."

Jumamosi, 27 Novemba

Leonardi kaja asubuhi, hana raha. Kamati imeamua. Akina mama hawatachukua kijumba cha Mwigobero, na haiwezekani wanaume wapewe vitatu na wanawake viwili, wageni wa heshima ni sawa. Kwa hiyo Mwigobero inaondolewa kwa wote. Watapewa Bunda na Butiama.

"Na Mama Dorotea?" nikamwuliza.

"Ndiyo maana sijalala, Mzee."

Aliniita Mzee, si Ndugu. Nikamwambia twende kwake wote wawili. Nilibeba kijumba kimoja kwenye kitambaa. Dawa niliyoifikiria ilikuwa rahisi: Mama Dorotea ana benchi lingine, lile la upande wa jiko, wanakokaa wanawake na kila anayekula sato. Ni la ubao wa mtumbwi wa zamani, wanalisugua kwa mchanga kila siku mpaka limekuwa jeupe. Akinipa hilo, nachonga vijumba kumi vya akina mama na kila kitu kinarudi mahali pake.

Alinisikiliza bila kugeuka kutoka kwenye kikaango. Nikamfunulia kijumba. Akapangusa mikono, akakishika, yeye anayepika kamongo kila siku hana shida ya kukishika. Alikiangalia kwa muda mrefu. Nilikuwa nangoja sifa, Mungu anisamehe.

"Hii ni hoteli yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona iko na benchi moja?"

Kweli, nilichonga benchi moja, la ukutani, lile nililokalia. Nilichonga bati mkunjo kwa mkunjo, nikachonga na mwiko ndani ya sufuria, lakini benchi la pili sikulichonga.

"Siku ile askari alikuja," akasema, "nyinyi mlikuwa mnakula huku. Wenye kuangalia njia ni nani? Nani alikohoa mkajua askari amefika? Ni Hana, alikaaga pale, na kapu lake la dagaa. Tulikuwaga saba kwenye ile benchi. Wewe ulitupa mgongo miaka ishirini, ndiyo maana hukutuona. Sasa unataka na benchi yenyewe?"

"Mama, bila hilo hoteli yako inatolewa kwenye sherehe."

"Itolewe. Wamama wanaoshusha dagaa wanakulaga hapo kila asubuhi, miguu imelowa. Wakae wapi? Chini, kama kuku? Bora tusiwepo."

Leonardi akataka kusema neno la kamati. Nikamkanyaga mguu. Tuliondoka kwenye mvua bila kula.

Nimeandika haya na aibu inanichoma. Nilimwapia mama yule kwamba hoteli yake haitapotea, kumbe mtu wa kwanza kuipoteza nusu yake ni mimi.

Jumapili, 28 Novemba

Mvua. Sikufanya kitu.

Jumatatu, 29 Novemba

Mvua. Fatu alitoka tangu asubuhi, karudi jioni amelowa. Nikamwuliza ulikuwa wapi, akasema kwa watu.

Jumatano, 1 Desemba

Nilikuwa nafunga karakana kabla ya adhuhuri, maana sikuwa na kazi ya maana, nikasikia wimbo. Wanawake wanaimba, wimbo wa Kijita wa kuvuta mtumbwi, unatoka chini barabarani. Nikatoka.

Wanakuja kwenye mvua, sita au saba, na benchi jeupe liko vichwani mwao, limepinduliwa miguu juu. Mbele ni Bi Hana, kanga imemganda mwilini, anaongoza wimbo kwa ile sauti yake. Nyuma kabisa ni Fatu wangu. Ameshikilia mguu mmoja wa benchi usiyumbe. Wametoka nalo Mwigobero, wamepita nalo sokoni na mbele ya ofisi zote, watu wamesimama barazani wanawatazama.

Wakaliweka chini karakana kwangu. Bi Hana akahema.

"Mama Dorotea amekubali?" nikauliza.

"Yeye alikataa kwa ajili yetu," akasema Bi Hana. "Mke wako akatuzungukia, nyumba kwa nyumba, akatueleza. Tukaenda kumwambia Dorotea: sisi ndiyo wenye kukaa, na sisi tumekubali kukaa chini mpaka Januari. Tulikaaga chini ya mkoloni, mwezi mmoja ni nini? Ila, fundi!"

"Naam."

"Benchi mbili. Kila kijumba. Na usiniambie mbao haikutosha."

Fatu alikuwa anakamua kanga yake. Nikampa taulo langu la vumbi la mbao. Akajifutia, akatoka na vumbi kichwani, akacheka. Leo nasema wazi: nimeoa mtu anayenishinda, na sijawahi kuona fahari kama niliyoiona mlangoni pale.

Ijumaa, 3 Desemba

Ubao huu haunuki chochote. Unanuka jua na maji. Gundi inashika mara moja. Leonardi anasugua msasa akiwa amevaa kaptula.

Jumatatu, 6 Desemba

Vijumba kumi vya akina mama vimekwisha, kila kimoja na mabenchi mawili. Vile vya zamani vya kamongo nimeviongezea benchi la pili, jeupe, mbele ya jiko. Sasa ukikiweka mezani unaliona mara moja lile jeupe. Nashangaa jinsi kilivyokuwa kitupu kabla.

Jumatano, 8 Desemba

Nimechonga na kapu la dagaa, dogo kama punje ya mahindi, mwisho wa benchi la pili. Hakuna aliyeniomba.

Alhamisi, 9 Desemba 1971

Uhuru umetimiza miaka kumi. Hakukunyesha.

Uwanja ulijaa. Ngoma za Wakurya na njuga zao, kwaya za shule, vijana wa gwaride. Baada ya hotuba Leonardi akaita wageni mmoja mmoja. Alikuwa amepiga pasi tena, na mimi nilifurahi kuuona ule mkunjo. Magige alikuwa mbele, anasimama kila kinapoinuliwa kijumba cha Bunda ili watu wajue Magige ni nani. Mama Nyamburi aliletwa na lori, akapewa kijumba chake yeye wa kwanza. Akakiangalia chini, akatafuta nguzo kwa kidole, akaipata, akawaonyesha wote waliokaa karibu.

Ilipofika zamu ya Mwigobero, akina mama walipokea vile vyeupe. Mmoja, mzee wa Majita, aligusa benchi la pili kwa ukucha akasema kwa sauti, "Hapa ndipo mimi nilikaaga." Wanaume nao wakapokea vyao. Mzee mmoja akakinusa, akafumba macho. "Hii ndiyo yenyewe! Inanifanya nisikie njaa." Basi wenzake wote wakanusa, jukwaa zima la wageni wa heshima limeweka mbao puani, na uwanja ukacheka. Nilicheka na machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Mama Dorotea hakuwapo. Alikuwa kazini. Akijua sherehe ikiisha watu watakuwa na njaa, aliwasha majiko matatu.

Alikuwa sahihi. Tulishuka Mwigobero umati mzima, wageni na vijumba vyao mkononi. Ndani ya banda hapakuwa na pa kukaa. Benchi la ukutani limekuwa vijumba, la jikoni limekuwa vijumba, na magunia yamerudi kwa wenyewe. Mwenyekiti wa kamati akatazama huku na huku, akavua koti, akakaa mchangani. Basi kila mtu akakaa alipopata nafasi. Hapakuwa tena na upande wa ukutani wala upande wa jiko. Bi Hana na sato wake, na kushoto kwake Magige anafyonza mfupa wa kamongo. Wanawake wa dagaa wakakaa na vijana wa gwaride. Mama Dorotea akapita katikati na sahani, akiruka miguu ya watu, na alipofika kwangu nikamwona amesimama anatazama banda lake lote, sahani zinapoa mkononi.

Fatu alikuja akakaa kando yangu. Mimi nilikuwa na kamongo. Tumeoana miaka ishirini na hatujawahi kula pamoja kwa Mama Dorotea. Nikauliza, "Nisogeze sahani?" Akasema, "Kula tu, sahani yako haijanivamia."

Ijumaa, 10 Desemba

Usingizi. Mwili wote unauma.

Jumapili, 12 Desemba

Baada ya misa Mama Dorotea kaja karakana, na viatu vya kanisani. Nimemwonyesha kijumba chake, kimoja nilichokiweka kando, mabenchi yote mawili. Akakitia kwenye mfuko wa gauni bila kukitazama sana, kisha akasema amekuja kuagiza kazi ya chumba chake kipya cha sokoni.

"Mabenchi mawili," nikasema. "La ukutani na la jikoni. Nimeshajifunza, Mama."

"Moja."

"Moja?"

"Moja, refu, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Mimi kamongo sitaionja mpaka nife, koo inakataa. Lakini juzi nimeona watu wamekaa wamechanganyika, kila mtu na sahani yake, na hakuna aliyekufa. Miaka yote nimewatenga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nitengenezee moja, fundi. Na mbao iwe nzito, Hana atakaa."

Jumamosi, 18 Desemba

Benchi limekwisha. Ni la mvule, refu kuliko karakana, ncha moja imetokeza nje mlangoni. Nilimwita Fatu aje kulijaribu. Alikaa mwisho wa kule, mimi nikakaa mwisho wa huku, tukatikisa. Halikuyumba hata kidogo. Tukabaki tumekaa hivyo, tunatazamana kwa mbali juu ya ubao mtupu.

"Ni ndefu mno hii," akasema. "Sogea huku."